Sufuria ya Maji Haiondoi Sumu ya Jiko la Mkaa

Miongoni mwa amana ambazo Allah (s.w.t.) amewakabidhi wazazi ni nafsi za watu wa nyumba yao. Amana hiyo haiishii kwenye chakula, mavazi na elimu ya dini, bali inafika hadi kwenye hewa ambayo watoto wanaivuta wakiwa usingizini.

Zinapofika mvua za masika, au usiku wa kipupwe, hasa Butiama ambako ni juu kuliko Musoma iliyo kando ya Ziwa Victoria, zipo nyumba ambazo jiko la mkaa huingizwa chumbani ili kutafuta joto. Mara nyingi chumba hicho ni cha mama aliye katika nifasi na mtoto wake mchanga. Mlango hufungwa, dirisha huzibwa kwa kanga, kisha sufuria ya maji huwekwa juu ya jiko, au karai kando yake, kwa itikadi kwamba maji yatainyonya sumu. Nia ni njema, lakini itikadi hiyo si sahihi, nayo inaweza kugharimu uhai.

Ni kweli kwamba katika nchi za baridi kali, ambako baadhi ya ndugu zetu wanaishi, watu huweka birika juu ya jiko la kuni linalopasha nyumba joto. Hewa ya baridi hubeba maji machache sana. Hata ikiwa imejaa unyevu kabisa kwa nyuzi 0 za Selsiasi, ikipashwa hadi nyuzi 20 unyevu wake hushuka hadi chini kidogo ya asilimia 30. Midomo hupasuka, koo hukauka na pua hutoka damu, hivyo mvuke wa birika huleta nafuu. Lakini jiko la huko ni la chuma, lililofungwa, na lina bomba linalopeleka moshi nje ya nyumba. Maji yanatibu ukavu tu. Kazi ya kutoa sumu ni ya bomba.

Jiko letu la mkaa halina bomba. Tena Musoma na Bunda, miji iliyo jirani na ziwa, haina ukavu wa namna hiyo. Mvuke ukizidi katika chumba kilichofungwa hugeuka matone kwenye kuta na bati, kuvu ikaota, na mwenye pumu akataabika. Na hatari kubwa inabaki pale pale: gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu, na haiyeyuki katika maji kwa kiasi cha kumnusuru mtu. Wengi hudhani kuwa mkaa ulioiva, usiotoa moshi, ni salama. La hasha. Gesi hiyo inaendelea kutoka hata moshi ukiisha. Ikiingia mwilini hujishika na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, na aliyelala huweza kufa bila kuamka.

Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na viungo kulegea. Zikiwapata watu kadhaa wa chumba kimoja kwa pamoja, msisubiri: fungueni mlango, watoeni wote nje kwenye hewa safi, na muwafikishe hospitalini haraka.

Uislamu umetangulia kutuonya. Imepokewa na Abu Musa Al-Ash'ari (r.a.), katika Sahihi za Bukhari na Muslim, kwamba nyumba moja mjini Madina iliteketea usiku ikiwa na wenyewe ndani. Mtume (s.a.w.) alipopewa habari hiyo alitufahamisha kuwa moto ni adui yetu, na akaamrisha uzimwe wakati wa kulala. Hekima ya amri hiyo inalienea pia jiko linalofuka taratibu kando ya kitanda.

Nini kifanyike? Maji ya kumkanda mzazi yachemshiwe nje, yaletwe ndani yakiwa tayari. Mtoto avishwe kofia na soksi, alazwe kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, kisha wote wawili wafunikwe kwa blanketi, uso wa mtoto ukiwa wazi. Joto la mama ni tiba ambayo haina gharama. Mtoto mwenye mafua asifukizwe kwa sufuria ya maji yanayochemka, kwani wengi huungua kwa njia hiyo.

Akina baba, msiwaachie jambo hili bibi na wakunga peke yao. Kununua blanketi la pili kabla mke hajajifungua ni sehemu ya matunzo yanayowawajibikia. Na akina bibi wanaoshikilia desturi waelezwe kwa upole na heshima, kwani nao wanachokitaka ni mjukuu aishi.

Allah atuhifadhie vizazi vyetu. Amin.