Nusu ya Mwisho ya Kidonge

Dawa nyingi zinazotolewa hospitalini zina mwisho unaojulikana. Dozi ya mseto ya malaria huisha siku ya tatu, na mgonjwa haulizwi kama yuko tayari kuiacha. Dawa za magonjwa ya akili hazina siku ya namna hiyo. Hutuliza dalili maadamu zinaendelea kunywewa, na hakuna kipimo cha damu wala picha ya ubongo inayoweza kuonyesha kama ugonjwa umekwisha au umetulia kwa sababu dawa ipo. Njia inayobaki ni kupunguza na kuangalia, jaribio ambalo mgonjwa hulifanya juu ya kazi yake, ndoa yake na masomo yake.

Wapo wanaoingia katika jaribio hilo bila kuamua lolote. Dawa ikikosekana zahanati, mgonjwa huambiwa arudi wiki ijayo, nauli inakosekana, na wiki inageuka mwezi. Wengine huchoshwa na madhara: kunenepa, mikono kutetemeka, hamu ya tendo la ndoa kupotea, au ule ubaridi wa moyo unaomfanya mtu asilie msibani wala asicheke harusini. Wengine huambiwa na jamaa kwamba aliyeombewa akapona hana haja ya vidonge. Na wapo wanaoacha kwa sababu wanajisikia wazima. Sababu hii ya mwisho ndiyo nzuri kuliko zote, na ndiyo inayodanganya kuliko zote, kwa kuwa mgonjwa ambaye dawa inamfaa na mgonjwa asiyeihitaji tena hujisikia sawasawa.

Kwa sababu hiyo miongozo ya tiba huanza na muda. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani uitwao mhGAP, uliotungwa kwa ajili ya vituo visivyo na daktari bingwa wa magonjwa ya akili, ulishauri, katika toleo lake la mwaka 2016, mgonjwa wa sonona aendelee na dawa kwa miezi 9 hadi 12 baada ya dalili kwisha. Aliyepatwa na saikosisi (kuona au kuamini yasiyokuwepo) kwa mara ya kwanza angeweza kufikiria kuacha miezi 12 baada ya kutulia. Mwenye ugonjwa wa bipola alitakiwa kusubiri angalau miaka 2 tangu kipindi cha mwisho cha ugonjwa. Muda huu huhesabiwa tangu siku ya nafuu, wala si tangu kidonge cha kwanza, na hapo ndipo wengi wanapokosea hesabu. Historia nayo ina uzito wake. Aliyeugua sonona mara moja baada ya kufiwa hayuko sawa na aliyeugua mara tatu na safari moja akajaribu kujiua.

Muda ukishatimia, hatari ni kubwa kiasi gani? Jibu bora kwa upande wa sonona lilitoka Uingereza mwaka 2021, katika utafiti uitwao ANTLER. Watafiti walichukua watu wazima 478 waliokuwa wakitumia dawa za sonona kwa muda mrefu, wengi wao kwa miaka, na ambao walijisikia vizuri kiasi cha kufikiria kuacha. Nusu waliendelea na dawa yao. Nusu walipunguziwa hatua kwa hatua mpaka wakawa wanameza vidonge visivyo na dawa ndani, bila wao wala wauguzi wao kujua nani yuko upande gani. Baada ya wiki 52, sonona ilikuwa imewarudia asilimia 56 ya walioachishwa. Kati ya walioendelea, iliwarudia asilimia 39.

Takwimu hizo zinaweza kusomwa kutoka pande mbili, na kila upande una haki yake. Kuacha kuliongeza hatari, hilo halina ubishi. Lakini asilimia 44 ya walioacha walimaliza mwaka salama, na dawa haikuwakinga karibu watu wanne katika kila kumi walioendelea kuinywa. Daktari anayemwambia mgonjwa kwamba akiacha lazima ataugua anazidisha chumvi sawa na jirani anayesema vidonge havina maana.

Sehemu ya hatari hiyo hutokana na namna ya kuacha. Ubongo uliozoea dawa kwa miezi au miaka hujirekebisha kulingana nayo, na dawa ikiondolewa ghafla marekebisho yale hubaki bila mwenzake. Siku ya pili au ya tatu mtu huamka na kizunguzungu, kichefuchefu na jasho. Usiku huota ndoto kali, mchana hukasirishwa na jambo dogo. Wengine husikia kama shoti ya umeme inapita kichwani kila wanapogeuza macho upande mmoja. Hii haina maana kwamba dawa za sonona ni za kulevya: mtu hazitamani, wala hatafuti kuongeza dozi apate raha. Ni mwili unaodai muda.

Ukali wa hali hiyo hutegemea sana dawa inavyokaa mwilini. Venlafaksini hupungua kwa nusu katika saa chache, na paroksetini katika takriban siku moja, hivyo hizi mbili zinasifika kwa ubaya. Fluoksetini hukaa siku kadhaa, na kile ambacho mwili huigeuza kuwa hukaa wiki moja au zaidi, kwa hiyo hujipunguza yenyewe polepole hata mtu akiiacha kwa mkupuo.

Kosa linalogharimu zaidi hutokea dalili za kuacha zinapoanza. Mgonjwa aliyeacha Jumatatu na kuanza kulia Alhamisi hujiambia kwamba ugonjwa umerudi, daktari hukubali, kidonge hurudishwa, na kila mtu huamini kuwa dawa hiyo ni ya maisha. Tarehe zingeweza kusema vingine. Dalili za kuacha huanza ndani ya siku chache, huja na mambo ambayo sonona haina, kama zile shoti na kizunguzungu, na dawa ikirudishwa hutoweka upesi, mara nyingi ndani ya siku moja au mbili. Sonona yenyewe hunyemelea kwa wiki au miezi: usingizi kwanza, kisha hamu ya kula, kisha mtu anaacha kupokea simu. Ikirudi, dawa huhitaji wiki kadhaa kuituliza. Kuandika tarehe za kupunguza na za dalili kwenye daftari ni kazi ndogo, na huamua mengi kuliko kumbukumbu ya mtu anayeumwa.

Hata hivyo hofu nayo hutengeneza dalili. Mwaka 2024 watafiti wa Ujerumani walikusanya matokeo ya tafiti 79 na kukuta kwamba karibu asilimia 31 ya walioacha dawa za sonona walipata walau dalili moja, lakini asilimia 17 ya walioacha vidonge vitupu walipata pia. Dalili kali ziliwapata karibu asilimia 3. Wapo wanaosema tafiti hizo nyingi zilihusu watu waliotumia dawa kwa muda mfupi, na hoja yao ina nguvu: mtu wa miezi mitatu hawezi kumsemea mtu wa miaka kumi.

Jambo lililobadilisha zaidi ushauri wa miaka ya karibuni ni hesabu ya mwisho wa dozi. Mwaka 2019 Mark Horowitz na David Taylor, waliokuwa London, walionyesha katika jarida la Lancet Psychiatry jinsi dozi inavyohusiana na kazi ya dawa kwenye ubongo. Dawa kama sitalopramu hufanya kazi kwa kuziba milango inayorudisha serotonini ndani ya chembe za neva. Miligramu 60 huziba karibu asilimia 88 ya milango hiyo. Zikishushwa hadi 20, yaani theluthi tu ya dozi, bado asilimia 80 imezibwa. Kwenye miligramu 9 ni 70, na kwenye 3.4 bado ni nusu. Ni kama chumvi katika mchuzi: kijiko cha nne hakitambuliki, lakini kile cha kwanza ndicho kilichougeuza mchuzi.

Kwa hiyo utaratibu wa zamani, wa kukata kidonge nusu kwa wiki mbili, kisha robo, kisha basi, hupitisha mtu kwenye mteremko laini na kumwacha ukingoni. Hatua kutoka miligramu 5 hadi sifuri ni kubwa kuliko ile ya kutoka 60 hadi 5 kwa mahesabu ya ubongo, na ndiyo maana wengi husema walikuwa wazima mpaka kipande cha mwisho. Ushauri unaotokana na hesabu hiyo ni kupunguza sehemu ya dozi iliyopo, kwa mfano robo au sehemu ya kumi ya kile kinachonywewa sasa, kusubiri wiki mbili hadi nne, kisha kurudia, huku vipande vikizidi kuwa vidogo. Kwa aliyetumia dawa kwa miaka, safari hiyo inaweza kuchukua miezi mingi.

Ugumu wake ni wa mikono. Amitriptilini, dawa ya sonona inayopatikana katika zahanati nyingi za Afrika Mashariki, hutoka kama kidonge kidogo cha miligramu 25 chenye ganda laini. Kwa wembe hukatika nusu zisizo sawa, robo yake ni makombo. Penye dawa ya maji, mfamasia anaweza kupima tone kwa bomba la sindano. Pasipo, hutumika vidonge vya nguvu ndogo zaidi. Vidonge vinavyotengenezwa kuachia dawa polepole havifai kukatwa hata kidogo, kwani huachia zote kwa pamoja.

Skizofrenia ni habari nyingine. Uchambuzi wa mwaka 2012 uliounganisha tafiti 65 ulikuta kwamba katika mwaka mmoja ugonjwa uliwarudia asilimia 64 ya waliopewa vidonge vitupu na asilimia 27 ya walioendelea na dawa. Pengo hilo ni pana kuliko la sonona, na kurudiwa kwenyewe huja na gharama: kufukuzwa kazi, polisi, kamba. Lakini madhara ya dawa hizi nayo si ya kubeza, na kuna waliotaka kujua kama kupunguza taratibu chini ya uangalizi kungerudisha uwezo wa kufanya kazi na kuishi na watu. Utafiti wa RADAR wa Uingereza, uliochapishwa mwaka 2023, uliwafuatilia watu 253 kwa miaka 2. Waliopunguziwa hawakuishi vizuri kuliko wenzao, na kurudiwa vikali kuliwapata asilimia 25 yao dhidi ya 13. Kushusha dozi mpaka kiwango kidogo kinachotosha, bila kuiacha kabisa, mara nyingi ndiyo njia ya kati.

Sindano ya mwezi ya flufenazini, dawa ya skizofrenia, huongeza mtego wake. Dawa hiyo huchanganywa na mafuta, hudungwa kwenye msuli wa tako na kutoka humo kidogo kidogo. Anayekosa sindano mbili bado ana dawa mwilini, hujisikia mwepesi kwa kuwa madhara yamepungua, na huhitimisha kwamba hakuihitaji. Ugonjwa ukirudi miezi baadaye, hakuna anayeuunganisha na sindano.

Lithiamu, dawa ya bipola, haivumilii haraka. Ikiachwa ghafla, hatari ya kichaa cha furaha kupita kiasi hupanda juu katika miezi ya mwanzo, hivyo hupunguzwa kwa angalau wiki 4, na heri miezi 3. Diazepamu, dawa ya kutuliza wasiwasi, iliyotumika kwa muda mrefu ikikatwa siku moja inaweza kuleta degedege.

Mwanamke mjamzito hukabiliwa na mizani ngumu kuliko wote. Valproeti, inayotumika kwa bipola na kifafa, husababisha kasoro za maumbile kwa karibu mtoto mmoja katika kumi, na matatizo ya ukuaji wa akili kwa asilimia 30 hadi 40, hivyo huachwa au kubadilishwa kabla ya mimba kutungwa, kwa mpango. Dawa za sonona ni kinyume: katika utafiti wa Marekani wa mwaka 2006, sonona iliwarudia asilimia 68 ya wajawazito walioziacha na asilimia 26 ya walioendelea. Mimba haikuwa kinga kama ilivyodhaniwa zamani.

Anayeamua kupunguza huchagua wakati usio na mtihani, msiba wala mtoto mchanga, na humteua mtu wa nyumbani anayezijua dalili zake za mwanzo. Mume au dada huona usingizi ukipotea kabla mwenyewe hajakiri. Kurudi kwenye dawa nako kuna kanuni. Dozi iliyotangulia hali kuanza kuharibika ndiyo ya kurejewa, na kwa kawaida si lazima kupanda mpaka juu kabisa. Lakini aliyekosa klozapini, dawa ya skizofrenia, kwa zaidi ya saa 48 haanzi alipoishia. Huanza upya na miligramu 12.5, kwani dozi kamili inaweza kushusha shinikizo la damu hadi kuzimia. Lamotrijini, dawa ya bipola na kifafa, iliyokatishwa kwa siku kadhaa nayo hupandishwa upya kutoka chini kabisa, kwa hofu ya upele unaoweza kubambua ngozi.