Panya mzima, mwenye nyumba mgonjwa

Mapema Julai 2022, kituo cha afya cha Mbekenyera, wilayani Ruangwa, kilianza kupokea wagonjwa wenye homa, kichwa kuuma, mwili kuchoka na damu kutoka puani. Walipimwa Ebola, Marburg na UVIKO-19, majibu yakarudi hasi. Habari za "ugonjwa wa ajabu" zikaenea Tanzania nzima.

Julai 18, Waziri wa Afya wa wakati huo, Ummy Mwalimu, aliutaja ugonjwa wenyewe: leptospirosisi, au homa ya mgunda. Wagonjwa walikuwa wamefika 20, na watatu kati yao walikuwa wamefariki dunia.

Mgunda ni shamba, na jina hilo linaeleza nusu ya habari. Nusu nyingine iko darini na nyuma ya magunia. Bakteria wa homa hii hujificha kwenye figo za wanyama, panya wakiwa mbele, na hutoka na mkojo. Mkojo ukidondoka kwenye tope, dimbwi au chakula kisichofunikwa, bakteria humwingia mtu kupitia mchubuko, macho, pua au mdomo. Kwenye udongo wenye majimaji wanaweza kuishi wiki kadhaa.

Mtihani uko hapa: panya mwenyewe kwa kawaida haonyeshi kuumwa. Hakondi, manyoya hayamsimami, na usiku anakimbizana juu ya dari kama jana. Tauni ina tabia nyingine. Lushoto, ilikoingia mwaka 1980, panya kufa ovyo ni onyo la kukimbilia zahanati. Homa ya mgunda haitoi onyo hilo. Tumezoea kusema panya huuma akipuliza. Huyu hata kuuma haumi.

Hata akiwa mgonjwa kweli, panya ni fundi wa kuficha. Ni windo la paka, bundi na nyoka, na windo likionyesha udhaifu limekwisha. Wanaofuga panya weupe majumbani wanalijua hilo, ndiyo maana hawasubiri panya alie. Hutazama mambo madogo: amejikunyata pembeni, manyoya yamemsimama, mbavu zinapanda na kushuka haraka, anatoa sauti ya kukwaruza anapohema, punje za jana bado zipo. Mizani ya jikoni husema mapema kuliko macho, kwa sababu kwa mnyama wa gramu 30, kupungua gramu tatu ni sehemu ya kumi ya mwili wake. Panya wakubwa wa kufugwa hutoa pia majimaji mekundu puani na machoni. Mara nyingi hayo si damu, ni rangi itokayo kwenye tezi za macho, lakini yakizidi ni dalili kwamba mnyama hayuko sawa.

Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, panya buku wanaofunzwa na shirika la APOPO kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu wana madaktari wao wa mifugo. Magawa, aliyezaliwa huko mwaka 2013 na kutunukiwa medali ya dhahabu mwaka 2020 kwa kazi yake Kambodia, alikufa Januari 2022. Walezi wake walieleza kwamba alicheza vizuri karibu wiki nzima, kisha akaanza kupoa, akalala zaidi na kupoteza hamu ya chakula. Dalili zilikuwa hizo tu, na waliziona kwa sababu walikuwa naye kila siku.

Panya wa darini Ruangwa au Nachingwea hana mlezi wa kumchunguza, na hata angekuwa naye, mkojo wake ungebaki na siri yake. Kwa hiyo wa kuchunguzwa ni sisi. Homa ya ghafla, kichwa, misuli ya miguu kuuma, macho mekundu. Baadaye macho ya njano, mkojo kupungua au damu kutoka. Dalili za mwanzo zinafanana sana na malaria, na mtu hunywa dawa ya mseto akalala. Siku zinapotea, figo zinaharibika, ilhali antibayotiki zikiwahiwa husaidia.

Kinga haihitaji fedha nyingi. Vaa buti unapoingia kwenye tope, funga kidonda kabla ya kushika jembe, funika maji na chakula, weka magunia ya ufuta na mbaazi mbali na unapolala. Panya aliyekufa usimshike kwa mkono mtupu. Mfugaji naye anawe kila anaposafisha kizimba.

Na ukifika zahanati kipimo cha malaria kikatoka hasi, usiondoke kimya. Mwambie mganga kwamba nyumbani kuna panya, au kwamba ulikuwa kwenye tope wiki iliyopita. Maneno hayo hayamo kwenye kipimo. Unayo wewe peke yako.