Istilahi za Saa ya Mkono: Mazingatio Kutoka Ngara na Biharamulo

Neno saa limebebeshwa mzigo mzito katika lugha yetu. Mtu asemapo, "Nimenunua saa mbili," ametaja vyombo viwili. Asemapo, "Nilingoja saa mbili," ametaja muda. Na asemapo, "Nitafika saa mbili," ametaja wakati maalumu wa mchana au wa usiku. Katika mazungumzo kitenzi humwongoza msikilizaji, naye hakosei. Lakini katika hati, ambamo mara nyingi huandikwa "saa 2" basi, mwongozo huo hutoweka, na msomaji huachwa abahatishe.

Hakuna mahali ambapo jambo hili huonekana wazi zaidi kuliko wilaya ya Ngara, katika mkoa wa Kagera. Wilaya hiyo imepakana na Rwanda na Burundi. Kivuko cha Rusumo, penye daraja juu ya mto Kagera, huelekea Rwanda. Kile cha Kabanga huelekea Kobero, nchini Burundi. Nchi hizo mbili hufuata saa za Afrika ya Kati, ambazo ziko nyuma ya saa zetu za Afrika Mashariki kwa saa moja. Zaidi ya hayo, majirani zetu nao huhesabu saa kuanzia mapambazuko kama sisi, na chombo chenyewe hukiita isaha katika Kinyarwanda na Kirundi. Basi "saa 2 asubuhi" ya dereva aliyetoka Kigali ni saa 3 asubuhi kwa karani wa Tanzania. Na kwa mgeni asomaye namba kama zilivyo kwenye uso wa saa, "saa 2" ni saa nane ya mchana au ya usiku. Anayetafsiri ratiba ya mizigo, hati ya wito au maelezo ya dawa hana budi kulijua hilo.

Tumeanzia hapo kwa sababu makala hii yahusu jambo linaloonekana kuwa la mchezo tu, nalo ni kazi ya kuunda na kupamba saa za mkono zenye sura ya zamani. Kazi hii imeenea katika nchi nyingi miongoni mwa watu ambao si mafundi kwa riziki yao. Wao hununua viungo mbalimbali, wakaviunga mezani, wakapata saa iliyo yao wenyewe. Mwalimu wa Biharamulo au mtumishi wa forodha wa Rusumo atakaye kujifunza kazi hiyo atakuta maelezo yake mengi yameandikwa kwa lugha za kigeni. Mfasiri atakayemsaidia atahitaji istilahi, na baadhi ya istilahi hizo zina madhara zikikosewa.

Tuanze na jina la mhusika mwenyewe. Neno uraibu limewahi kutumiwa kwa maana ya shughuli ya kujifurahisha, lakini siku hizi limeelemea mno upande wa ulevi na dawa za kulevya. Katika michezo tumezoea kusema mchezaji wa ridhaa, yaani achezaye kwa kupenda, si kwa mshahara. Twapendekeza mwendo huo huo ufuatwe, na mtu wa namna hii aitwe fundi wa ridhaa. Jina fundi saa libaki kwa yule wa gulioni ambaye hiyo ndiyo kazi yake.

Pili, sifa ya saa zenyewe. Ni lazima kutenga maneno matatu. Saa ya kale ni ile iliyoundwa zamani kweli. Saa kuukuu ni iliyochakaa, iwe ya kale au ya juzi. Saa ya mtindo wa kale ni mpya, lakini imepewa sura ya zamani. Mfasiri akiandika "saa ya kale" mahali pa "saa ya mtindo wa kale", amemsaidia muuzaji kudanganya pasipo kukusudia. Ikiwa saa ya kale imeingizwa viungo vya saa nyingine, tuiite saa ya kuunga, ili mnunuzi ajue. Na iliyobandikwa jina la kiwanda ambacho hakikuiunda haistahili jina jingine ila saa ya bandia.

Sasa tufungue kasha. Kwa bahati njema, lugha yetu si maskini katika fani hii. Mishale izungukayo usoni huitwa akrabu, neno la Kiarabu lenye maana ya nge, na Waarabu nao huitumia kwa mishale ya saa. Utepe wa chuma uliokunjwa, ambao ndio hutunza nguvu ya saa, huitwa kamani, neno lililotufikia kutoka Bara Hindi. Kitendo cha kuukaza utepe huo ni kutia saa ufunguo. Msemo huo watoka enzi ambazo saa ilikazwa kwa ufunguo wa kweli, nao haukubadilika hata pale kazi hiyo ilipohamia kwenye kirungu kidogo cha ubavuni. Wako wanaotaka kukiita kirungu hicho taji kwa kufuata lugha za Ulaya. Hatuoni sababu ya kukivika ufalme. Kiitwe ufunguo, kama watu wasemavyo.

Penye hatari ni pale panapotajwa chombo kizima cha ndani. Lugha za kigeni hukiita kwa neno lenye maana ya mwendo, na wafasiri wengine wameandika hivyo hivyo. Lakini kwetu mwendo wa saa ni jambo jingine: ni kule kuwahi au kuchelewa kwake. Fundi akiambiwa, "Badilisha mwendo," atarekebisha kasi, hatang'oa chombo. Kwa hiyo chombo hicho kiitwe mashine ya saa, na mwendo ubaki na maana yake ya asili.

Ndani ya mashine, nguvu ya kamani kuu hupitia magurudumu yenye meno hadi kwenye kifaa kinachoiachilia kidogo kidogo. Twapendekeza kifaa hicho kiitwe kiachilio, kutokana na kitenzi achilia. Kiachilio husukuma gurudumu la mizani, ambalo huenda na kurudi kwa msaada wa kamani ndogo, nyembamba kama unywele. Mlio wa saa tuusikiao ni wa kiachilio hicho. Mashine ya Seiko iitwayo NH35, ipendwayo sana na mafundi wa ridhaa, hupiga mapigo 21,600 kwa saa, yaani sita kwa kila sekunde. Hiyo ni saa ya kujitia ufunguo, kwani kipande kizito kilichomo ndani huzunguka mkono unapotikisika, kikakaza kamani. Mashine ya Uswisi ya Unitas 6498, yenye kipenyo cha milimita 36.6, asili yake ni ya saa za mfukoni, nayo hutiwa ufunguo kwa mkono. Saa ya betri ni kitu tofauti kabisa: humo fuwele hutetema mara 32,768 kwa sekunde.

Neno jingine la kuangaliwa ni lile la vito. Huandikwa juu ya saa kwamba ina vito 17 au 24. Mtumishi wa forodha akisoma tafsiri ya namna hiyo aweza kudhani kuwa amepelekewa mapambo ya thamani, akatoza ushuru usiostahili. Kumbe vito hivyo ni vijiwe vigumu vilivyotengenezwa kiwandani, ambamo ncha za mihimili huzunguka bila kulika upesi. Vyafaa viitwe mawe ya beringi.

Kazi ya kuunga yenyewe yaweza kuelezwa yote kwa maneno hayo. Fundi huchukua mashine, akaufunga uso juu yake kwa vijiguu viwili vilivyo nyuma ya uso. Kisha huzungusha ufunguo polepole mpaka tarehe ibadilike, maana hapo ndipo mashine ilipofika saa sita ya usiku. Ndipo akandamizapo akrabu ya saa, juu yake ya dakika, na juu kabisa ya sekunde, akihakikisha kuwa hazigusani. Mwisho hukata mhimili wa ufunguo kwa kipimo, akaingiza mashine katika kasha, akafunga mfuniko pamoja na mpira wake wa kuzuia maji. Zana zake ni bisibisi ndogo, kibano, lenzi ya jicho na subira.

Hapo ndipo mchezo unapokutana na lugha. Saa zote za madukani huonyesha 12 usiku wa manane, nasi twasoma namba ya upande wa pili, yaani 6. Fundi wa ridhaa hana haja ya kufanya hivyo. Tarehe inapobadilika, na aweke akrabu ya dakika kwenye 12 na ya saa kwenye 6. Tangu hapo saa yake itasomeka kwa hesabu yetu: jua likichomoza huonyesha 12, watoto wakianza masomo saa mbili huonyesha 2, na tarehe hubadilika saa 6 usiku kama sheria itakavyo. Angeirudisha nyuma saa ya kawaida kwa saa sita bila kuhamisha akrabu, tarehe ingebadilika alfajiri au jioni. Wala si jambo geni kwa uso wa saa kufuata utamaduni wa mwenyewe: huko Oman, katika utawala wa Sultani Qaboos, 1970 hadi 2020, ziliundwa saa za Rolex zenye alama ya jambia usoni.

Kwa wakazi wa mpakani zipo mashine zenye akrabu ya nne, izungukayo uso mara moja kwa saa 24, ambayo yaweza kuonyesha saa za nchi ya pili. Hiyo tuiite akrabu ya ugeni.

Kwa kumalizia, twawaomba watumishi na wafasiri wazingatie mambo matatu. Kwanza, wakati usiandikwe bila sehemu ya siku: saa 2:00 asubuhi, si saa 2. Pili, katika hati zivukazo mpaka itajwe kuwa ni saa za Tanzania, za Rwanda au za Burundi. Tatu, panapokusudiwa urefu wa wakati, liongezwe neno muda: muda wa saa mbili. Istilahi tulizozitaja ni mapendekezo. Wasomaji wenye maneno bora zaidi, na hasa mafundi saa wa Ngara, Biharamulo na kwingineko, watuletee, kwani maneno ya fani huota kwanza mezani pa fundi kabla ya kufika katika kamusi.