Kamera mpya au lensi? Ushauri kwa mpigapicha wa Morogoro mwenye akiba ya wastani

Swali hili hutufikia mara kwa mara kutoka kwa wapigapicha wa sherehe hapa Morogoro, na mara nyingi huja siku mbili tatu baada ya harusi: "Nimejibana nimepata laki tano. Ninunue kamera nyingine au nibadilishe lensi?" Anayeuliza huwa na kamera ya Canon au Nikon ya miaka kumi iliyopita, na lensi ile ile iliyokuja nayo dukani. Picha zake za mchana ni safi. Za usiku ukumbini ndizo zinazomtia aibu: bibi harusi akigeuka uso unaacha mkia, suti nyeusi za wasimamizi zimejaa chenga, na mteja ameanza kuuliza kama picha zilizobaki nazo ziko hivyo hivyo.

Jibu letu ni kwamba kamera isubiri. Laki tano haitakupa kamera inayoizidi sana hiyo uliyonayo, lakini inaweza kukupa lensi itakayobadilisha kazi yako ya usiku. Inaweza pia kukupa lensi isiyokufaa kabisa, na hapo ndipo watu wengi walipoumia. Kwa hiyo tutaeleza kwa urefu kidogo.

Chukua lensi yako uitazame kwa mbele. Kama ni ile ya kawaida utasoma 18–55mm, halafu 1:3.5–5.6. Namba za kwanza zinaeleza upana wa unachokiona: 18 inachukua meza kuu yote, 55 inasogeza uso wa mtu. Namba za pili zinahusu tundu linalopitisha mwanga, na hapa watu huchanganyikiwa kwa sababu namba ndogo ndiyo tundu kubwa. Lensi yako ikiwa kwenye 18 inafunguka hadi f/3.5. Ukivuta hadi 55, haifunguki zaidi ya f/5.6. Yaani kadiri unavyovuta kuutafuta uso wa bibi harusi, ndivyo lensi inavyofumba jicho.

Sasa linganisha na lensi ya milimita 50 inayofunguka hadi f/1.8. Gawanya 5.6 kwa 1.8, kisha zidisha jibu kwa lenyewe: utapata karibu 10. Lensi hiyo inapitisha mwanga mara kumi hivi zaidi ya ile yako ikiwa imevutwa. Pale kamera ilipolazimika kuacha shata wazi kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde, sasa inatosha sehemu moja ya mia. Kwa moja ya kumi, mtu anayecheza hawezi kutoka sawasawa hata mkono wako ungekuwa wa jiwe. Kwa moja ya mia ana nafasi nzuri.

Kuna wanaotuambia, "Si nitumie flashi tu?" Tumieni, wala hatupingi. Flashi ya juu inayogeuzwa kichwa na kurushwa darini hufanya kazi nzuri kwenye dari jeupe lisilo juu sana. Lakini kumbi zetu siku hizi zinapambwa vitambaa mpaka juu, na mwanga ukigonga kitambaa cha zambarau unarudi na zambarau yake usoni kwa watu. Ukiielekeza flashi mbele moja kwa moja, nyuso zinameta jasho na taa zote alizolipia mwenye sherehe zinapotea. Ndiyo maana, kama hela inatosha kitu kimoja tu, sisi tungeanza na lensi.

Milimita 50 au 35?

Lensi ya 50mm f/1.8 ndiyo inayosifiwa na kila mtu, na kwa bei inastahili. Canon walipotoa toleo lao la STM mwaka 2015, bei yake ya kuanzia Marekani ilikuwa takriban dola 125, na ni miongoni mwa lensi zao za bei ya chini kabisa. Toleo la zamani, la mwaka 1990, bado linauzwa sana mitumba. Linatoa picha nzuri, ila shingo yake ya kufungia kwenye kamera ni ya plastiki na fokasi yake inapiga kelele, jambo baya kwa anayechukua na video.

Lakini pima chumba kwanza. Kamera nyingi za bei ya kawaida zina sensa ndogo kuliko fremu ya filamu ya zamani, kwa hiyo 50 inaonekana imevutwa zaidi. Ili mtu mzima aliyesimama aenee kwenye picha ya wima, pamoja na nafasi kidogo juu na chini, unahitaji kurudi nyuma kama mita nne na nusu. Ukumbini sawa. Sebuleni Kihonda, siku ya kutoa mahari, wazee wamejaa kwenye makochi na akina mama kwenye mikeka, mita nne na nusu utazipata uani. Lensi ya 35mm inakuhitaji urudi mita tatu tu.

Hapo wenye Nikon wana bahati: lensi yao ya 35mm f/1.8G ya DX, iliyotoka mwaka 2009, ilitengenezwa hasa kwa ajili ya sensa hiyo ndogo na haikuwa ghali. Wenye Canon wana ile nyembamba ya 24mm f/2.8. Ni nzuri na inaingia mfukoni, lakini tusidanganyane: lensi yako ya zamani ikiwekwa kwenye 24 tayari inafunguka hadi karibu f/4, hivyo faida ya mwanga ni mara mbili tu, si mara kumi.

Njia ya kuamua unayo tayari. Fungua picha zako mia za sherehe tatu za mwisho, na kwenye taarifa za kila picha utaona ilipigwa kwa milimita ngapi. Kama nyingi uzipendazo ziko kati ya 45 na 55, nunua 50. Kama ziko kwenye 30 na kitu, tafuta 35. Na kama karibu zote ni 18, usinunue mojawapo. Wewe ni mtu wa picha za kundi, na pesa yako iende kwenye flashi ya pili na stendi yake.

Jambo moja linawashangaza wanaoanza kutumia f/1.8. Ukisimama mita mbili kutoka kwa mtu, sehemu iliyo wazi kwenye picha ina kina cha kama sentimita kumi. Bwana na bibi harusi wanakata keki, bwana amesogea nyuma hatua nusu, basi mmoja wao ni ukungu. Kwa watu wawili funga hadi f/2.8 au f/4. Kwa ukoo mzima mbele ya ukumbi rudi kwenye lensi yako ya zamani na f/8. Usiiuze.

Na mlimani je?

Wengine hawatafuti harusi. Wanataka Uluguru: kupanda hadi Morningside, kwenye ile nyumba ya enzi za Wajerumani, au kuendelea hadi kilele cha Lupanga chenye mita 2,138, na kurudi na picha ambazo mtu wa Dar atazinunua. Hapa ushauri wetu unageuka. Kwa mandhari, lensi uliyonayo inatosha kwa muda mrefu kuliko unavyofikiri. Mji ukiwa chini yako alfajiri, huhitaji f/1.8, unafunga hadi f/8, unaweka kamera kwenye stendi ya miguu mitatu na unangoja jua. Stendi imara ndiyo ununuzi wa kwanza wa mpigapicha wa milima. Lensi pana kama ile ya Canon ya 10–18mm, iliyozinduliwa mwaka 2014 kwa takriban dola 300, inasaidia ndani ya msitu na chini ya maporomoko, mahali ambapo huwezi kurudi nyuma. Lakini ukiipeleka kwenye vilele, inaifanya milima ionekane vichuguu.

Ndege ni habari nyingine, na tunaomba msikilizaji asichukie. Uluguru ina ndege wasiopatikana popote pengine duniani, wakiwemo Malaconotus alius na chozi wa Loveridge. Huyo wa kwanza hukaa juu kabisa kwenye kilele cha miti mirefu, husikika zaidi kuliko kuonekana, na msitu wenyewe una giza hata saa sita mchana. Lensi ya 55–250mm, ambayo ndiyo ya kuvuta inayoshikika kwa bajeti hii, ikiwa f/5.6 itakupa kivuli chenye mabawa. Chozi kwenye maua ya ukingo wa msitu, penye jua, unaweza kumpata ukiwa na subira. Lensi hiyo hiyo ukienda nayo Mikumi, kwenye mwanga wa wazi na twiga karibu na barabara, itakulipa vizuri. Na kama umevutiwa na vinyonga wadogo au maua ya urujuani yanayoota kwenye miamba yenye unyevu, tafuta pete tupu za kuweka kati ya kamera na lensi ya 50. Hazina kioo ndani, ni rahisi, na zinakusogeza karibu sana.

Kabla hujatoa hela

Kwa laki tano wengi mtanunua mtumba, na mtumba una mitego yake. Wa kwanza ni shingo. Lensi za Canon za RF, za kamera za kizazi kipya kilichoanza mwaka 2018, haziingii kabisa kwenye kamera za zamani za EOS, hata muuzaji akuapie. Kinyume chake inawezekana: lensi ya EF itafanya kazi kwenye kamera mpya kwa kutumia adapta, kwa hiyo ukinunua EF leo hujatupa pesa. Kwa Nikon angalia herufi. Kamera za D3000 hadi D3500 na D5000 hadi D5600 hazina mota ya fokasi ndani yake. Lensi ya 50mm f/1.8D itaingia vizuri, itafunga kwa mlio wa kuridhisha, na haitalenga yenyewe hata siku moja. Unayotaka imeandikwa AF-S.

Mtego wa pili ni fangasi, na huu tumeuonja. Tulipanda Morningside wakati wa masika, tukanyeshewa, tukarudi tumechoka na kuliacha begi la kamera limefungwa chini ya kitanda kwa wiki kadhaa. Tulipoifungua lensi, ndani ya kioo kulikuwa na nyuzi nyeupe kama utando wa buibui. Fundi aliisafisha, lakini fangasi walikuwa wameshakula mipako ya kioo, na tangu hapo kila taa inayoingia kwenye picha inatoa mng'ao wa maziwa. Tuliiuza kwa bei ya hasara na tulimwambia mnunuzi ukweli. Si kila muuzaji atakuambia.

Kwa hiyo nenda na tochi ya simu. Toa vifuniko vyote viwili, mulika kutoka nyuma kwa pembeni huku ukitazama kwa mbele. Vumbi kidogo si kitu. Nyuzi, madoa yenye matawi au wingu, rudisha. Zungusha pete ya fokasi usikilize mchanga. Kisha iweke kwenye kamera yako mwenyewe, si ya dukani, piga gazeti au ukuta wenye maandishi kwa f/1.8 na kwa f/5.6, na ukuze picha uone pembe zote nne. Upande mmoja ukiwa umefifia kuliko mwingine hata kwenye f/5.6, huenda lensi hiyo ilishaanguka.

Ukiipata nzima, tenga shilingi elfu chache za ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Unyevu wa hewa ukikaa juu ya asilimia 70 kwa siku nyingi, fangasi huota; upande wa mashariki wa Uluguru, kwenye mvua nyingi zaidi, hata kabati la nguo halifai. Ukirudi mlimani, toa kila kitu kwenye begi usiku huo huo, hata kama miguu inauma.

Na kama unaifuata lensi Kariakoo, panda treni ya asubuhi. Maduka mengi yako ndani ndani na taa zake ni za kupendezesha bidhaa. Utataka muda wa kutoka na lensi barazani, kwenye jua, muuzaji akiwa amesimama karibu nawe, na kamera yako ikiwa na betri iliyojaa.