Yavuyavu na Wenziwe: Wanyama wa Ute Baharini

Mtu apitaye ufukweni wakati wa maji kupwa huweza kukuta donge laini, ling'aalo kama kioo, lililotupwa mchangani na mawimbi. Jua likilipiga kwa saa chache, husalia utando mwembamba tu. Donge hilo ni yavuyavu, mnyama ambaye asilimia 95 hivi ya mwili wake ni maji. Hana mfupa, moyo wala ubongo. Hata hivyo, ukoo wake umeishi baharini kwa zaidi ya miaka milioni 500.

Koo mbalimbali

Ni kosa kudhani kwamba wanyama wote wa ute ni ndugu. Kundi la kwanza ni mayavuyavu wenyewe, ambao ni jamaa wa matumbawe. Minyiri yao imejaa seli zenye vifuko vidogo sana, na ndani ya kila kifuko umekunjwa uzi wenye sumu. Seli iguswapo, uzi hufyatuka kwa kasi kubwa na kumchoma mhasiriwa. Seli hizo huweza kufyatuka hata baada ya mnyama kufa. Kwa hiyo haifai kumshika yavuyavu aliyetupwa ufukweni.

Kundi la pili ni wanyama wenye vitana. Hao hawana seli za kuchoma. Huogelea kwa safu nane za vinyweleo, na mwanga upigapo juu yake huonekana rangi za upinde wa mvua. Kundi la tatu ni salpa, wanyama wenye umbo la pipa ambao huvuta maji na kuchuja mimea midogo sana. Kiukoo, salpa wako karibu zaidi na wanyama wenye uti wa mgongo, mwanadamu akiwemo, kuliko walivyo karibu na yavuyavu. Kinyesi chao huzama upesi, kikichukua kaboni hadi vilindini.

Maisha mawili

Mayavuyavu wengi hupitia maisha ya namna mbili. Yai lililorutubishwa hutoa kiluwiluwi ambaye hujibandika kwenye mwamba au nguzo ya gati na kuwa mfano wa ua dogo, liitwalo polipu. Hali inapofaa, polipu hujigawa kama visahani vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Kila kisahani hung'oka na kukua kuwa yavuyavu. Hivyo polipu mmoja huweza kuzaa mayavuyavu wengi, na ndiyo sababu moja ya makundi yao kutokea kwa ghafla.

Mkasa wa Bahari Nyeusi

Udhaifu wa miili hii usimdanganye mtu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, mnyama mwenye vitana aitwaye Mnemiopsis leidyi, mwenyeji wa pwani ya Atlantiki ya mabara ya Amerika, aliingia Bahari Nyeusi. Inaaminika kwamba aliletwa ndani ya maji ya farumi, yaani maji yapakiwayo ili meli isiyo na shehena isiyumbe. Mnyama huyo ana jinsia zote mbili, na aweza kujirutubisha mwenyewe. Alikula vijidudu vilivyokuwa chakula cha samaki, akala pia mayai na watoto wa samaki. Kufikia mwisho wa miaka hiyo, uvuvi wa samaki wadogo wa jamii ya dagaa, uliokwisha kudhoofishwa na uvuvi wa kupita kiasi, ulikuwa umeporomoka, na wavuvi wakakosa riziki.

Nafuu ilikuja mwaka 1997, alipoonekana huko mnyama mwingine mwenye vitana, Beroe ovata, ambaye chakula chake ni wenziwe wenye vitana. Mnemiopsis akapungua.

Mkataba wa kimataifa kuhusu maji ya farumi ulipitishwa mwaka 2004 na kuanza kutumika mwaka 2017. Kila nchi yenye bandari inahusika, kwa maana mgeni asiyeonekana ndani ya maji huweza kuvunja uchumi wa pwani nzima, na akishakita makao, ni vigumu mno kumwondoa.