Sam Ntiro, balozi aliyechora migomba

Ingia nyumbani kwa Mtanzania huku ughaibuni, iwe Reading, Houston au Malmö, na kuna uwezekano mkubwa ukutani utakuta Tingatinga: chui wa madoadoa, tembo wawili, na Kilimanjaro nyuma yao, kileleni nyeupe pee. Wengi wetu tuliinunua siku mbili kabla ya safari, tukaikunja na kuisokomeza kwenye begi pamoja na dagaa na unga wa ulezi. Sina ugomvi na Tingatinga. Ila mtoto akiuliza kama Tanzania ilikuwa na wachoraji wengine, tunabaki kumung'unya maneno.

Mimi jina la kwanza linalonijia ni Sam Joseph Ntiro. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora kwa rangi za kung'aa juu ya vipande vya hadibodi mwaka 1968, Dar es Salaam. Miaka 12 kabla ya hapo Ntiro alikuwa ameshachora picha ambayo ilinunuliwa mwaka 1960 na MoMA, jumba la sanaa za kisasa la New York, na hadi leo ni mali yao. Mwaka uliofuata nchi yake ilipata uhuru naye akawa balozi. Yote hayo yana asili yake, na bila kuijua asili hiyo picha zake zinaonekana nyepesi kuliko zilivyo.

Alizaliwa mwaka 1923 huko Machame, kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Aliyefika Machame anajua kwamba kule hakuna kijiji cha nyumba zilizopangana kuzunguka uwanja. Kila familia ina kihamba chake: nyumba katikati, migomba imeizunguka, chini ya migomba kahawa na magimbi, ng'ombe wawili watatu wanaoletewa majani zizini, na mfongo wa maji unaoteremka kutoka juu msituni. Mpaka kati ya kihamba na kihamba ni mimea ya masale. Ukitembea humo huoni mbali. Unaona majani, kijia, na mgongo wa anayekutangulia. Mwenye kuzikumbuka njia hizo hapati shida kuzisoma picha za Ntiro, ambazo nyingi zina watu wadogo, mimea mikubwa kuliko watu, na vilima vilivyopandiana mpaka juu ya turubai, mbingu ikibakiwa na nafasi finyu.

Lakini asidhani mtu kwamba alikulia mahali palipojitenga na dunia. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Leipzig walifika Machame mwaka 1893. Ntiro akiwa na miaka miwili, wakulima wa Kilimanjaro walianzisha chama chao cha kahawa, KNPA, na mwaka 1933 kikazaliwa chama cha ushirika cha KNCU. Kahawa ilileta mabati, shule, karo na kesi za ardhi. Mtoto wa Machame wa miaka ya 1930 aliijua mizani ya kahawa sawasawa na alivyoujua mkungu wa ndizi. Nitalirudia jambo hili, kwa sababu kwenye picha zake mizani haionekani.

Katikati ya miaka ya 1940 alikwenda Makerere, Kampala, enzi hizo chuo pekee cha ngazi hiyo kwa eneo zima la Afrika Mashariki. Julius Nyerere alikuwa pale kati ya 1943 na 1945 akisomea ualimu. Ntiro alikutana na mwalimu Mwingereza, Margaret Trowell, aliyeanzisha mafunzo ya sanaa pale mwaka 1937. Trowell mwenyewe alikuwa amesoma Slade, chuo cha sanaa cha London, lakini mafunzo aliyoyashika zaidi aliyapata kwa Marion Richardson, mwalimu aliyekuwa na mtindo wake wa kufundisha. Richardson aliwasimulia wanafunzi tukio kwa maneno, wao wamefumba macho, mpaka kila mmoja alione tukio lile ndani ya kichwa chake. Wakifumbua, wanachora. Hakuna kilichowekwa mezani cha kunakili.

Trowell aliupeleka mtindo huo Kampala. Hakuwa na haraka ya kuwafundisha vijana wake zile kanuni za Ulaya za kupunguza ukubwa wa vitu kadiri vinavyokwenda mbali. Alihofia wangeishia kuwa waigaji. Mimi hapo huwa na mashaka kidogo. Mwalimu wa kikoloni anayekuambia uchore kwenu, tena kama unavyopakumbuka, amekufungulia mlango mmoja na kufunga mwingine, kwa sababu ameshaamua sanaa ya Mwafrika iweje kabla Mwafrika hajashika brashi. Hata hivyo, kwa Ntiro mbegu iliangukia udongo wake. Alipewa ruhusa ya kuchora anachokikumbuka, na hakuiacha mpaka anakufa.

Alibaki Makerere akifundisha, kisha mwaka 1952 akaenda Slade. Hebu fikiria chuo chenyewe kilivyokuwa. Kilikuwa chini ya William Coldstream, mchoraji aliyesifika kwa kupima: mwanafunzi anasimama mbele ya mtu aliyekaa uchi, ananyoosha mkono, anapima kwa mpini wa brashi kutoka kidevu hadi bega, anaweka alama, anapima tena. Wiki zinapita picha haijaisha. Kijana mwingine wa Kiafrika aliingia hapo mwaka 1954, Ibrahim El-Salahi wa Sudan, ambaye leo ana jina kubwa duniani. Ntiro alikaa mpaka 1955. Alijifunza alichojifunza, akatoka, akaendelea kuchora migomba kwa namna ileile ya kufumba macho, watu wake bado hawana pua wala kope, vilima vyake bado vimesimama wima.

Kuna waliosema hakuambulia kitu. Katika miaka ya 1960 haikuwa ajabu kumsikia mtaalamu wa sanaa akimweka kwenye fungu la wachoraji wasio na skuli, wakati alikuwa na miaka mitatu ya Slade mfukoni. Mimi naamini alikuwa ameamua. Mtu anayefundisha wengine uchoraji hashindwi kuchora pua.

Sasa tuitazame ile picha ya New York. Kwa Kiswahili jina lake ni kama kusema wanaume wakimpelekea bibi harusi mbege usiku. Ni ya mwaka 1956, rangi za mafuta juu ya turubai, na ni ndogo: kiasi cha sentimita 41 kwa 51, unaweza kuibeba kwapani. Msimamizi wa jumba la New York, naamini, aliona usiku, mwendo wa watu na rangi zilizotulia. Mchagga anaona gharama.

Maana mbege, pombe ya ndizi na ulezi, haiji yenyewe. Ndizi zinaachwa ziive mpaka zilegee, zinamenywa, zinapikwa kwenye chungu kikubwa kwa saa nyingi mpaka zibadilike rangi kuwa za kahawia, kisha zinaachwa siku kadhaa zichachuke. Pembeni ulezi umelowekwa, umeota, umekaushwa, umesagwa na kupikwa kama uji. Huko ndizi zinachujwa, huku uji umepoa, vinachanganywa. Anayetaka uchungu wake anatia magome ya msesewa. Kesho yake ni tamu, siku inayofuata ni kali, na baada ya hapo ni siki. Kwa hiyo ukikubaliana na ukoo wa binti kwamba mbege itafika siku fulani, inafika siku hiyo. Huwezi kuahirisha. Nyumba nzima imefanya kazi wiki nzima, akina mama hasa, na sasa wanaume wanabeba, wanapita kwenye vijia vyenye utelezi gizani, wakijua wazee upande wa pili wataonja kwanza, watanyamaza, ndipo watasema. Mbege mbovu ni aibu ya ukoo.

Ntiro alichora yote hayo bila kumwonyesha hata mama mmoja aliyeipika. Jina la picha linasema wanaume. Nadhani hapo ndipo unapoona tofauti ya kumbukumbu na taarifa. Kumbukumbu ya mvulana wa Machame ni msafara, siyo jiko.

Na hapo nirudi kwenye mizani ya kahawa. Mwaka 1952, Ntiro akielekea London, Wachagga walimsimika Thomas Marealle kuwa Mangi Mkuu, yaani chifu wao mkuu, baada ya kampeni kali za kisiasa. Vihamba vilikuwa vimeanza kubana, watoto wa kiume wengi kuliko ardhi. Ukiangalia picha zake tu, hutajua lolote kati ya hayo. Watu wanalima pamoja, wanavuna pamoja, wanabeba pamoja. Ni kijiji kilichokamilika, na siku zote kiko mbali kidogo na mtazamaji, kama vile anakiona kutoka ng'ambo ya bonde. Sisi tulio huku tunalielewa hilo haraka kuliko wahakiki. Ukikaa Kampala na London miaka yote hiyo, nyumbani kunapungua kelele. Ugomvi wa mpaka na shangazi unausahau, harufu ya moshi unabaki nayo. Simlaumu. Ila sizichukui picha zake kuwa ushahidi wa jinsi Machame ilivyokuwa. Ni ushahidi wa jinsi mtu alivyoibeba.

Aliporudi Makerere alifundisha hadi karibu na uhuru. Elimo Njau, kijana wa Marangu aliyesoma pale katika miaka hiyo, ndiye aliyechora mwaka 1959 michoro mikubwa ya ukutani ya maisha ya Yesu kwenye kanisa la Murang'a, Kenya, na baadaye akaanzisha kituo cha sanaa cha Paa ya Paa jijini Nairobi. Wachagga wawili, na wote wawili walisisitiza kuchora kutoka ndani badala ya kunakili.

Mwaka 1958 Ntiro alimwoa Sarah Nyendwoha wa Hoima, Uganda, na kusema kweli Bibi Sarah anastahili makala yake peke yake. Alisoma historia Oxford mwanzoni mwa miaka ya 1950, akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na ya Kati kupata shahada ya chuo kikuu. Aliporudi Uganda na kuajiriwa kufundisha shule ya Gayaza aliambiwa mwanamke analipwa chini ya mwanamume mwenye elimu ileile. Akasema basi atafundisha bure. Akafundisha bure kweli, mpaka wakubwa wakaona haya. Alifariki mwaka 2018.

Tanganyika ilipopata uhuru, Desemba 1961, ilihitaji mtu wa kuiwakilisha Uingereza. Ikampeleka mchoraji. Alikaa London kama balozi mpaka 1964, mwaka wa Mapinduzi ya Zanzibar na Muungano. Kwa nchi changa yenye wasomi wa kuhesabika halikuwa jambo la ajabu sana: mtu alikuwa amesoma London, anaijua, ana mke wa Oxford. Lakini hebu mfikirie mtu anayeshinda mchana na mawaziri, akirudi kwenye turubai anakutana na watu wanaopandisha kilima na mizigo kichwani.

Baadaye akawa Kamishna wa Utamaduni Dar es Salaam, halafu mwalimu wa sanaa Chuo Kikuu. Azimio la Arusha la Februari 1967 likatangaza siasa ya kijamaa, na ghafla picha zake za watu wakifanya kazi kwa pamoja zikaonekana kama zimechorwa kwa agizo la chama, ilhali alikuwa amezianza miaka 20 nyuma chini ya mwalimu wa kikoloni. Na kuna kichekesho humo. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ilihamisha mamilioni ya watu nchini, lakini Kilimanjaro haikuguswa sana, kwa kuwa watu walishabanana kwenye vihamba vyao. Nchi ya migomba iliyofanana na ujamaa kwenye turubai ilibaki na ardhi yake ya ukoo. Kilichopotea kule mwaka 1976 ni vyama vya ushirika, KNCU ikiwemo, kwa amri ya serikali.

Ntiro alifariki mwaka 1993. Kwa nini tunamjua Tingatinga na hatumjui yeye? Sababu kubwa ni ya kibiashara. Tingatinga, aliyeuawa kwa risasi ya polisi mwaka 1972, aliacha vijana aliowafundisha, nao wakaugeuza mtindo wake kuwa kazi ya kuwalisha. Picha inaisha kwa siku chache, inauzwa, inaingia begini. Ntiro hakuacha mtindo wa kuuzwa. Aliacha picha moja moja, na nyingi zilinunuliwa nje tangu mapema, zikiwa bado na unyevu wa rangi.

Kwa hiyo, kwa mara moja, sisi wa huku tuna nafasi kuliko walioko nyumbani. Uskochi kuna mkusanyo wa Argyll, ulioanzishwa miaka ya 1960 ili watoto wa shule wa kule wakue na picha halisi. Mwandishi Naomi Mitchison aliununulia kazi za wachoraji wa Afrika, ya Ntiro ikiwa miongoni mwake, na mwaka 2021 zilionyeshwa kwa umma mjini Dunoon. Walioko Marekani, msifunge safari ya MoMA bila kuuliza kwanza, kwa sababu picha kama hizi hukaa stoo miaka. Iko kwenye tovuti yao, bure. Andikeni Ntiro peke yake; mkianza na Sam Joseph mtaletewa watu wengine kabisa.