Fahamu: Jinsi mashindano ya kikanda ya kadi za Pokémon yanavyoendeshwa

Mchezaji hafiki mashindano ya dunia ya kadi za Pokémon kwa kung'ara siku moja. Hukusanya pointi msimu mzima: kwanza kwenye mashindano madogo ya madukani, kisha ya kikanda yanayofanyika wikendi katika miji kama Lille, Liverpool na Stuttgart, halafu yale ya kimataifa. Watoto, vijana na watu wazima hushindana kila kundi kivyake.

Kazi hasa iko kwenye ngazi ya kikanda. Kila mmoja huja na kadi 60, na orodha yake huwasilishwa kabla ya raundi ya kwanza. Baada ya hapo habadilishi hata moja. Waamuzi hukagua hadi vifuko vya plastiki vinavyovishwa kadi, kwa kuwa kona iliyopinda inaweza kumjulisha mwenyewe kadi gani inafuata. Ukali huo ni wa haki kabisa.

Kufungwa mara moja hakukutoi. Kila raundi unapangiwa mtu mwenye pointi sawa au karibu na zako: ushindi ni pointi 3, sare 1. Mshindi wa raundi ni wa kwanza kushinda michezo miwili, ndani ya dakika 50. Muda huo ni mfupi, na wachezaji wazuri huponzwa na sare. Ndiyo maana mzoefu akiona mchezo wa kwanza umeharibika, husalimu amri mapema aokoe dakika. Wenye pointi za kutosha hurudi siku ya pili, hadi wabaki wachache wa mtoano.

Anayekusanya pointi za kutosha katika kanda yake hualikwa mashindano ya dunia. Mwaka 2024 yalikuwa Honolulu, 2025 Anaheim.